Aliyenunua Geti la Uwanja

Suti aliitwa Suti kwa sababu alikuwa na suti. Moja. Ya kijivu, kola yake imegeuzwa mara mbili na dada yake, na katika mfuko wa ndani mlikaa muhuri aliojichongeshea mwenyewe, ulioandikwa IMETHIBITISHWA. Imethibitishwa nini na nani, muhuri haukusema, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yake yote.

Tuseme ukweli mapema: hakuwa tapeli mkubwa. Aliwahi kuwakodishia wauza magazeti wawili kivuli kimoja cha ukuta wa benki, akakamatwa kwa sababu alisahau kuwapa saa tofauti. Mwenyewe alizoea kusema kwamba mji una matapeli wa aina tatu, waliofungwa, waliotajirika, na yeye.

Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi la kinyozi akisubiri zamu yake. Juu ya kioo palikuwa na karatasi mpya: Jumamosi ya wiki hii, mechi ya kumuaga Komeo, beki wa kulia aliyeichezea timu ya mji miaka kumi na tisa bila kuhama. Mapato yote ya tiketi ni yake.

"Nikose hiyo?" kinyozi alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mteja. "Komeo? Jumamosi hiyo nafunga duka, naapa."

"Mimi nakuja na mke wangu," alisema mteja, kwa tahadhari, kwa sababu ya wembe.

"Na mimi na mashemeji zangu wote watano," alisema mwingine kutoka mlangoni.

Suti alifumba macho. Wanaume watatu, na tayari vichwa tisa. Mji una vinyozi wangapi? Kabla hajafunikwa shuka la kunyolea alikuwa ameshaujaza uwanja, amefunga mageti, na watu wanaruka ukuta. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana ila kwa kosa moja, na kosa hilo lilimgharimu.

Alimkuta Komeo nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye kreti la soda, anashona jezi iliyochanika kwa sindano ya mkono.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Ingawa naona tumelingana."

"Heshima haina umri. Nimetumwa na Kamati ya Mechi za Heshima."

"Iko wapi hiyo kamati?"

"Ndiyo hii unayoiona," Suti alisema, akajifuta vumbi begani.

Akamweleza mabalaa ya geti. Tiketi bandia, alisema kwa uchungu wa mtu anayezijua. Walinzi wanaoingiza ndugu zao. Mvua. Mchezaji wa heshima kama Komeo atahangaikaje na uchafu huo siku anayoagwa? Si bora auze geti zima leo, apate chake mkononi, alale usingizi?

Komeo alisikiliza mdomo wazi kidogo. Alikuwa mtu mpana, mwenye masikio madogo na sura ya mtu anayengoja kuelezwa tena.

"Mambo hayo mimi siyajui," alisema. "Mimi najua kurusha mpira tu."

"Ndiyo maana nipo. Sema unataka nini."

Komeo aliitazama sindano. "Cherehani," alisema. "Nikiacha mpira nataka nishone. Nipe cherehani nzuri, geti chukua."

Uwanja mzima kwa cherehani! Tena cherehani aliijua ilipo: chumba cha mbele cha nyumba anayoishi, chini ya dirisha. Ilikuwa ya dada yake, na ndiyo iliyowalisha wote wawili. Lakini Suti alikuwa anaiazima tu. Jumamosi jioni angenunua mbili.

Aliandika mkataba palepale. Geti ni la Suti kuanzia asubuhi hadi magharibi, *Jumamosi hiyo tu*. Maneno hayo aliyapigia mstari, ili Jumapili asije mtu kumdai habari za mabenchi yaliyovunjika. Hakuna kurudishiana kitu, hata inyeshe mvua, hata asije mtu. Hili nalo aliliweka kwa hofu kwamba Komeo angeuona umati na kutaka kuvunja mkataba.

Komeo alisoma akichezesha midomo. "Hapa umesema, hata asije mtu."

"Lugha ya kisheria tu, nahodha."

"Haya, iache. Ongeza basi kwamba mwenye geti ndiye anayelipia chokaa ya uwanja, refa, maji na kipaza sauti. Mimi mambo hayo siyajui."

Suti aliongeza kwa moyo mkunjufu, akapiga muhuri mara mbili.

Dada yake aliambiwa kwamba cherehani imekwenda kwa fundi, kwa sababu ilikuwa inalia.

"Inalia?" Dada aliuliza. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeishi na pini midomoni, hivyo alizoea kusema machache. "Mimi sijaisikia."

"Wewe umeizoea, dada. Mimi mgeni wa mambo hayo ndiye niliyesikia."

"Nina sketi arobaini za shule za kukabidhi wiki hii inayokuja, mdogo wangu. Isiporudi Jumatatu, hii nyumba hatutakaa. Si mimi wala wewe."

"Jumatatu, dada. Naweka heshima yangu."

"Weka kitu kingine," Dada alisema, akaenda zake. Wiki ile nzima alishinda nje, eti anamuuguza shangazi, na Suti alishukuru kutokuulizwa zaidi.

Naye hakuwa na muda wa kuulizwa. Alichapisha tiketi elfu mbili kwa kubadilishana na saa yake ya mkononi. Alizunguka mitaa na kipaza sauti mpaka sauti ikakauka. Ijumaa alipiga magoti mwenyewe uwanjani akachora mistari ya chokaa, kwa sababu mchoraji alikataa kulipwa ahadi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefanya kazi wiki nzima, na hakulitambua hilo kwa kuwa aliliita utapeli.

Kila aliyekutana naye alimwambia jambo moja: "Komeo? Nitakosaje!"

Jumamosi jua liliwaka vizuri, hakukuwa na wingu la kulaumiwa. Suti alisimama getini tangu saa sita, begi la tiketi begani. Saa nane hakuna mtu. Saa tisa wakaja shangazi tisa wa Komeo, wakapita bila kugeuka, maana hajazaliwa anayeweza kumdai shangazi tiketi. Saa kumi, mpira ukianza, jukwaani walikuwepo watu thelathini na mmoja. Mbali na shangazi na watoto walioruka ukuta, waliolipa walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea, anatafuta ofisi ya maji.

Kinyozi hakuwepo. Mteja na mke wake hawakuwepo. Mashemeji watano hawakuwepo hata mmoja.

Suti aliegemea geti lake. Akaiona kichwani nyumba ikipangishwa watu wengine, Dada ameketi barabarani juu ya godoro, pini midomoni, hasemi kitu. Afadhali angetukana.

"Wewe wa suti!" Refa alikuwa anamwita kutoka mstarini. "Timu ya wageni imekuja na wachezaji kumi. Unajua kukimbia?"

"Kwa kazi yangu?" Suti alisema. "Sana."

Hivyo akaingia, suti na viatu vya ngozi, mshambuliaji wa kati. Kwa nusu saa mpira haukumfikia. Kisha ukaja, mrefu, ukamdondokea mbele, na alipoinua macho hakuona beki hata mmoja kati yake na kipa. Njia nyeupe! Suti alikimbia, tai ikipepea begani, akapiga kwa kidole gumba, kipa akabaki ameduwaa. Wavuni! Alivua koti, akalizungusha hewani mbele ya jukwaa tupu, akapiga magoti kama anavyoona wengine wakifanya, suruali ikachanika.

Hakuna aliyeshangilia. Shangazi mmoja alimwonyesha kidole kuelekea mstarini, ambako kibendera kilikuwa juu.

Komeo alikuwa amesimama palepale, hatua moja mbele ya alipokuwa mwanzo, mkono umeinuliwa kwa utulivu.

"Umeotea, ndugu yangu."

"Mbona hukunikaba?"

"Mtu mwenye haraka huwa simkabi. Namwachia njia, halafu napiga hatua moja mbele. Miaka kumi na tisa kazi yangu ni hiyo hatua."

Suti aligeuka akaangalia viti. Akaangalia chokaa aliyoichora mwenyewe, refa aliyemlipa, maji aliyoyabeba.

"Ulijua hawatakuja."

"Wewe uliongea na watu," Komeo alisema. "Mimi nimevichezea hivi viti miaka yote. Nilitaka tu niagwe kwenye uwanja wenye mistari."

Alilisema bila ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Suti zaidi. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, Komeo alizunguka uwanja mzima akipunga mkono, taratibu, jukwaa kwa jukwaa, hata yale ambayo hayakuwa na mtu. Shangazi walilia. Suti alipiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto, akajichukia, maana alimhurumia mtu ambaye yeye ndiye aliyemwibia. Kisha akakumbuka kwamba aliyeibiwa ni yeye, akalia kidogo na yeye.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa kinyozi kujificha. Alikuwa amejipanga kumwambia Dada ukweli saa sita mchana, baadaye akasogeza hadi saa nane.

"Mechi gani ile!" kinyozi alikuwa anasema. "Komeo alipopunga mkono, jamani, nililia."

Suti aliinua kichwa.

"Tulibanana jukwaa kuu, hata kujikuna huwezi," alisema mteja. "Mke wangu alipoteza kiatu."

"Na lile bao la jamaa wa suti," akadakia mwenye mashemeji. "Mimi nasema lilikuwa halali."

"Wewe hukuwepo!" kinyozi alifoka. "Mtu wa kusimuliwa! Onyesha tiketi."

"Onyesha yako kwanza!"

"Yangu iko nyumbani."

Kila mtu akatazama sakafu yenye nywele. Hapo Suti alihisi lile begi la tiketi likimkaa vizuri begani. Alisogea hadi sikioni kwa kinyozi.

"Kaka, nadhani uliiangusha hii getini," alinong'ona, akamwonyesha tiketi. "Nimekutunzia. Gharama ya utunzaji ni kidogo tu."

Kinyozi alimtazama. Suti alimtazama. Wawili hao walielewana kuliko ndugu. Dakika moja baadaye tiketi ilikuwa imebandikwa juu ya kioo, na mwenye mashemeji alikuwa anamvuta Suti shati pembeni.

Habari zilienea. Waliokuwa wamewasimulia wake zao, waliokuwa wamebishana kazini, waliokuwa wameapa, wote walihitaji ushahidi. Walikuja hadi mlangoni kwa Dada, wanaangalia pembeni, wanauliza kama kuna tiketi iliyookotwa. Suti aliziokota zote zilizobaki. Kufikia saa kumi jioni uwanja ulikuwa umejaa hadi kiti cha mwisho, siku mbili baada ya mechi.

Alikaa kizingitini akilikumbatia begi, sasa zito kwa kitu kingine, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alicheka. Dada angepata cherehani mpya. Angepata mbili!

Ndipo akawaona wanakuja, Komeo na Dada, bega kwa bega. Komeo alikuwa amebeba cherehani. Dada alikuwa amebeba furushi la sketi, zote zimeshonwa, zimepigwa pasi.

"Shangazi hajambo?" Suti aliuliza, kwa sauti iliyokosa nguvu.

"Ni shangazi yake huyu," Dada alisema, akimwonyesha Komeo. "Hana ugonjwa wowote. Nimeshonea sebuleni kwake wiki nzima. Mtu ambaye nimembandikia namba ya jezi mgongoni kila msimu, unafikiri hataijua cherehani yangu? Siku uliyoipeleka, aliniita siku hiyohiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Suti alilikumbatia begi zaidi. Komeo aliitua cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi mambo haya siyajui," alisema. "Nisomee hapa palipopigiwa mstari."

Suti alisoma moyoni. *Jumamosi hiyo tu.* Ikafuatia mihuri miwili, IMETHIBITISHWA, IMETHIBITISHWA.

"Na leo siku gani?"

Suti alilisikia neno Jumatatu likimtoka mwenyewe. Komeo aliinua mkono wake mmoja juu, kwa utulivu uleule, na shangazi fulani ndani ya kichwa cha Suti akamwonyesha kibendera. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, kwa sababu katika miaka kumi na miwili hatimaye alikuwa amekutana na mkataba usio na upenyo, na aliyeuandika ni yeye.

Akalivua begi, akampa. Komeo alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu.

"Elfu mbili zote?" aliuliza taratibu.

"Zote, nahodha. Hakukubaki kiti."

Komeo alipangusa jicho kwa kiganja, akaisukuma cherehani kuelekea kwa Dada. "Hii chukua. Mimi nitanunua yangu."

Dada alimwangalia mdogo wake, akaiangalia suruali iliyochanika magotini. "Ivue nikushonee," alisema. "Halafu ukae hapo unipigie vifungo. Sketi arobaini, kila moja viwili."

Hivyo jioni ile Suti alikaa mlangoni na taulo kiunoni, sindano mkononi, akijichoma. Kinyozi alipita akirudi nyumbani, anamsimulia mwenzake jinsi jukwaa lilivyotikisika. Alimwona Suti, akasimama.

"Na wewe Jumamosi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Suti alisema. "Nilifunga bao."

Kinyozi na mwenzake wakatazamana.

"Tiketi yako iko wapi?"

Suti alijipapasa mifuko, akakumbuka kwamba amevaa taulo, akakumbuka pia kwamba aliziuza zote. Wale wawili wakaondoka wanacheka, wakisema mji huu umejaa waongo.