Mume Wangu Hapendi Baridi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili ya Hospitali.

Mheshimiwa,

YAH: KUPOZWA KWA MUME WANGU

Nakuandikia kwa heshima kutoka kwenye benchi la nje ya wodi ya wagonjwa mahututi. Juzi mume wangu, fundi baiskeli, alianguka akiziba pancha, moyo ukasimama. Kinyozi jirani alimkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika, nanyi mkaurudisha moyo. Kwa hilo ahsanteni. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Badala ya kumfunika, mmemzungushia shuka la mpira linalopitisha maji baridi, mkamshusha hadi nyuzi thelathini na tatu. Daktari anasema ni kuukinga ubongo usiharibike. Sawa. Lakini mimi ni mfumaji wa sweta. Miaka ishirini na sita mtu huyu hajalala bila sweta yangu, soksi zangu na mablanketi mawili. Mlimuuliza nani?

2. Mtasema yeye hakuweza kuulizwa. Kweli. Basi mngeniuliza mimi, maana ndimi ninayemsemea siku zote: kwa daktari wa meno, kwa mwenye nyumba, hata kwa mama yake mzazi. Sijawahi kukosea.

3. Jana nilimfunika blanketi kwa siri. Mashine ikapiga kelele, muuguzi akaja mbio, akanitoa nje kama mwizi wa kuku. Kosa nakiri. Blanketi nalidai.

4. Nikiuliza kama atapona, naambiwa nisubiri kwanza apashwe joto. Yaani nisilie, nisishangilie. Shemeji yangu ameshaanza kuulizia viti na maturubai. Nimemfukuza. Mheshimiwa, naogopa. Nikimshika mkono, ni wa baridi, na sijui kama ni baridi yenu au ni ile nyingine.

5. Kwa kuwa baridi hupumzisha ubongo, na wangu haujapumzika tangu juzi, naomba nami nipozwe, kitanda cha pembeni yake, nyuzi zilezile. Haki ni haki. Akipashwa joto, tupashwe wote. Asipoamka, mimi msiniharakishe.

Nisalimie wanakamati wote, muuguzi wa blanketi, na mlinzi wa getini anayejifanya hanioni muda wa kutazama wagonjwa ukiisha.

Mlalamikaji mwenye adabu zake,
Mke wa Kitanda Namba Nne

N.B. Barua hii imekaa mkobani siku tatu. Jana alipashwa joto, leo amefumbua macho, nami nimelia mbele za watu bila aibu. Walipomtoa bomba kooni nikamvalisha sweta papo hapo. Akanong'ona, "Mama Watoto, nivue. Joto." Nikamwambia ni dawa hizo. Akasema hapana, ni joto la miaka ishirini na sita. Alinyamaza kwa sababu nilikuwa nafuma kwa furaha. Muuguzi alikuwepo, amesikia yote. Tafadhali ichaneni barua hii. Lile blanketi mpeni mgonjwa mwingine, lakini muulizeni kwanza.