Sukari Katika Mkate wa Bi Mozelle

Jumatatu, 3 Juni 2019

Birmingham. Joto la kuyeyusha lami. Lakini habari njema! Mzee aliyekuwa akiandika habari za migahawa katika gazeti letu la mtaa, Jirani, amehamia Florida kwa binti yake. Ukurasa wa nyuma hauna mwenyewe. Mhariri, Bi Pinckney, kasema atakayemletea makala bora kabla ya saa sita mchana Jumamosi ndiye ataurithi.

Tuko wawili. Mimi, Ezell Threadgill, niliyesoma mita za maji za jiji hili miaka thelathini. Hakuna dirisha la jiko ambalo pua yangu haikupita. Na Shemasi Hosea Plunkett wa kanisani kwetu, ambaye sifa yake ni kusema polepole na kupiga pasi suruali.

Nimeanza kazi leo leo, kwa Stavros, Mgiriki ambaye babu yake aliwalisha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Nyama moja, mboga tatu. Kondoo amepikwa hadi anaachana na mfupa kwa amani, bila ugomvi. Kunde. Bamia za kukaanga. Maboga yenye jibini juu. Kalamu mkono huu, uma mkono huu. Uma ukashinda.

Nyumbani, dada yangu Ardelia akataka kuona nilichoandika. Nikamwonyesha: "Aisee." Kasema ni mwanzo mzuri, ila ni mfupi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Hosea lazima apotezwe njia. Nimempigia simu kwa sauti nzito ya mgeni, nikamwambia pale Ensley, nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kuna kambare wa kukaanga asiye na mfano. Kibanda kile kilikufa miaka mitatu iliyopita. Akanishukuru sana na kunibariki. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Yeye akielekea Ensley, mimi nikaenda kwa Lonnie kula mbavu za nguruwe. Lonnie huziacha kwenye moshi tangu alfajiri, wala hataki kuulizwa. Ukiuliza anakwambia, "Kula, bwana, acha upolisi." Nimekula. Nyama nyekundu pembeni, laini katikati, na ule mchuzi mweupe wa siki unaokupiga kofi kisha unakuomba radhi. Mji huu! Nani kasema mbinguni ni mbali?

Jioni Ardelia karudi kutoka kwenye maombi. Eti Hosea kasimama mbele ya watu kushuhudia. Mjane wa mwenye kibanda amekifungua tena wiki iliyopita! Eti kambare yule alimtoa machozi. Eti Mungu alimpelekea sauti kwenye simu.

Sauti! Nimelala bila kusali.

Jumatano, 5 Juni

Nimepita Ensley kuhakikisha. Ni kweli. Unga wa mahindi juu ya samaki unavunjika kama majani makavu, ndani nyama nyeupe kama pamba. Nimelia na mimi. Nikamwambia mjane ni pilipili.

Mpango wa pili. Wakosoaji wa miji mikubwa hula kwa kujificha, wasije wakapendelewa. Nimenunua sharubu za bandia na miwani myeusi, nikaenda kwa Bi Mozelle Yarbrough, ambako nimekula kila Jumatano kwa miaka ishirini na miwili, kwanza na marehemu mke wangu Corrine, sasa peke yangu.

Nikaingia kwa mwendo wa kigeni. Mhudumu, Tamsin, hakuinua hata kichwa. "Shikamoo, Mzee Ezell. Ya kila siku?" Mezani wote wakaitika, Ezell, Ezell, vipi hali. Mtu mmoja kaniuliza kama nimepatwa na upele juu ya mdomo.

Ya kila siku ikaja: kuku wa kukaanga, sukuma iliyopikwa na paja la nguruwe, viazi vitamu, mkate wa mahindi, chai ya barafu tamu ya kuumiza meno. Nikainama. Nilipoinuka, sharubu hazipo. Sikuziona sakafuni wala mezani. Sukuma ilikuwa tamu mno, sikuchunguza.

Alhamisi, 6 Juni

Usiku wa kuamkia leo nimepata hekima. Msifu kila kitu haaminiwi! Makala inataka kasoro moja, ndipo wasomaji waseme huyu bwana ana jicho. Taabu ni kwamba kasoro haipo. Nimezunguka toka asubuhi nikitafuta. Maandazi ya Bi Fentress: meupe, mepesi, yanaelea. Supu ya kamba: nimeomba sahani ya pili ili nichunguze zaidi. Pai ya pichi: hapana, hata kuitafutia kasoro ni aibu.

Basi kasoro nikaitunga. Kwa kinyozi, mbele ya watu saba, nikatamka polepole kama Hosea: mkate wa mahindi wa Bi Mozelle, ukiuonja vizuri, una sukari.

Mkasi ukasimama. Kinyozi akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Kwetu hilo ni tusi la nguoni; sukari ni ya keki, na mwanamke anayeitia kwenye mkate wa mahindi ni sawa na aliyekana ukoo wake. Nilifurahi mno jinsi walivyoshtuka. Nina jicho!

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Nimefika kwa Bi Mozelle, naye kasimama mlangoni na mwiko wa chuma. Ana miaka sabini na minne na hajapinda hata kidogo.

"Nani kasema?" akauliza.

Nikajifanya sielewi.

"Ezell, mwanangu, nimekulisha siku uliyomzika Corrine. Hukuweza kushika kijiko, nikakushikia. Leo unakwenda kwa kinyozi kunivua nguo? Mama yangu alinifundisha mkate ule akiwa haoni tena, anapima kwa vidole. Sukari aliiona wapi?"

Ndani nikaona sahani yangu kwenye kona yetu, imefunikwa kifudifudi. Akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nikaenda kwa Stavros. Kasema kondoo wamekwisha, na nyuma yake nawaona. Lonnie kanipa vipande viwili vya mkate mkavu na tango la siki. Habari za mji huu huenda haraka kuliko maji, na maji nayajua.

Saa kumi na moja mlango ukagongwa. Hosea, na sahani imefungwa kwa karatasi ya alumini. Kasema amesikia sijala. Kasema hata yeye aliwahi kusema neno akatamani kulimeza. Nikamshuku mara moja: anataka nife, au nishukuru, na sijui lipi baya zaidi. Nikala yote. Kuku wa Bi Mozelle! Ina maana alijua sahani inakwenda kwa nani? Hosea kasema alijua. Kasema Bi Mozelle mwenyewe ndiye aliyeongeza paja.

Nimekaa na mfupa wa lile paja muda mrefu.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi na mapema nimekwenda mlango wa jikoni, kofia mkononi. Nikamwambia Bi Mozelle nilidanganya, hapakuwa na sukari, ila nilitaka kuonekana mjuzi. Akanitazama. "Ingia. Nawa mikono."

Akanisimamisha mbele ya wapishi wote nipike mwenyewe. Unga. Chumvi. Mayai. Maziwa ya mgando. Mafuta ya nyama kwenye kikaango cheusi cha chuma hadi yanatoa moshi. Nikamimina, kikaango kikalia "shhhaaa!", wapishi wakacheka kwa jinsi nilivyoruka. Kila hatua ananiuliza, "Sukari tunaitia hapa?" Nami najibu, "Hapana, mama." "Hapa je?" "Hapana, mama."

Ulipoiva akaukata kipande cha pembeni, kile kigumu, akanipa. Ukoko unalia, ndani unyevu, moto wa kuunguza ulimi. Corrine alikuwa akininyang'anya kipande hicho. Nikageukia ukuta kidogo.

Saa! Saa sita na robo! Nimeandika yote haya nikiwa wima, nyuma ya karatasi ya menyu yenye mafuta, kosa langu na mkate wake, nikakimbia hadi gazetini. Bi Pinckney kasema nimechelewa, ukurasa amekwisha kupewa Hosea kwa makala yake ya kambare. Hata hivyo akaisoma ya kwangu. Akavua miwani. Akaisoma tena.

Jumapili, 9 Juni

Bi Pinckney kanipigia kabla ya ibada. Tutapokezana: wiki hii Hosea, wiki ijayo mimi. Kasema kuungama kwangu ni kitu kizuri kuliko vyote alivyoletewa mwaka huu, kwa sababu hakina ujanja.

Baada ya kanisa nilikula kwa Bi Mozelle, meza moja na Hosea. Sahani yangu imetazama juu. Hosea kanimegea pai yake. Lazima nikiri, suruali imenyooka kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari kwa utulivu, nikaona mambo wazi. Wasomaji wanapenda kuungama. Bi Pinckney kasema mwenyewe, kizuri kuliko vyote! Basi kila makala yangu itakuwa ya kuungama. Kinachokosekana ni kosa tu.

Nimemchagua Stavros. Nitasema kondoo wake ni mbuzi. Barua ya kumwomba radhi nimekwisha kuiandika, kurasa tatu, yenye uchungu wa kweli. Ardelia alipoisoma alifuta macho, kisha akaniuliza nimemfanyia nini Mgiriki wa watu.

Bado, nikamwambia. Kesho, saa nne, kwa kinyozi.