Breki za Mbele na Ufuta wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwanaidi bado yuko kwao Kiranjeranje. Nyumba imepoa. Chai nimejipikia mwenyewe, inanuka moshi.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Siku ya Idi tulikwenda na pikapu yangu kuwasalimu wakwe. Breki za mbele zilikwisha zamani, chuma kinasaga chuma. Nikakanyaga. Gari halikusita. Likaingia bafu la makuti uani, na mama mkwe yumo ndani. Sikuona kitu. Naapa, niliona ndoo tu.

Mkwe! Mtu ambaye hata njiani nampisha nikiwa nimeinamisha macho.

Leo Mzee Mfaume amepiga simu. Yeye ndiye mshenga aliyeniposea. Nikampa shikamoo yake, akaitika kwa uzito. Kasema wakwe wamekaa kikao. Jumamosi nishuke na gari kile kilima chao, nisimame mbele ya baraza, wote wakitazama. Gari likisimama, namchukua mke wangu. Lisiposimama, Mwanaidi anabaki kwao na maneno yatakuwa mengine.

Akaongeza kwamba niende kwa Likwata. Kwa Likwata siendi. Fundi wa Nangurukuru, sawa, na pedi za breki anazo. Lakini na yeye alimposa Mwanaidi, akakataliwa. Nimpe raha ya kulala chini ya gari langu? Thubutu.

Jumanne, 10 Juni

Natengeneza mwenyewe. Jeki ikazama mchangani. Nikaiwekea kinu chini. Kinu kikapasuka. Kinu cha Mwanaidi, alichopewa na mama yake siku ya harusi. Nimekitia kwenye gunia, gunia nyuma ya mlango.

Pedi nimezitoa. Zimebaki chuma kitupu.

Alhamisi, 12 Juni

Benedikto, muuza vyuma chakavu, kanipa pedi za gari jingine. Hazikuingia. Benedikto akasema hakuna kisichoingia mbele ya tupa. Nimezikwangua mpaka zikakubali.

Breki zinashika! Ila zinalia. Zinalia kama mbuzi aliyeona kisu. Nikaenda kujaribu gari mpaka Nangurukuru. Likwata akatoka gereji, akaweka mkono sikioni, akauliza gari limefiwa na nani. Watu wakacheka. Nikageuza gari, likalia tena.

Jioni ugali peke yangu. Tonge la tatu nimemtupia kuku. Nimemkumbuka mke wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimesimama kabla ya kijiji. Nilikuwa nimesikia kwamba Mzee Mfaume kamwita Likwata awe shahidi. Nikajiambia, leo halicheki gari langu mtu. Kitu kikilia kinataka mafuta. Bawaba ya mlango, cherehani, baiskeli, vyote hivyo hivyo. Na mafuta nilikuwa nayo, chupa nzima ya mafuta ya ufuta, zawadi ya kumlainisha mama mkwe. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikapaka pedi kwa unyoya wa kuku. Sikubania.

Nikashuka kilima. Kimya kabisa. Nikawapungia mkono. Nikakanyaga. Kimya kikaendelea, na gari likaendelea. Nikawapita wakwe, nikampita Likwata, nikalipita bafu jipya. Nikaingia kwenye matita ya ufuta ya mama mkwe, yaliyosimamishwa yakauke. Hapo ndipo gari liliposimama. Ufuta wote mchangani.

Mavuno ya mwaka mzima. Hakuna aliyepiga kelele, na ingekuwa afadhali wangepiga. Mama mkwe alijitanda kanga yake akaingia ndani. Likwata akanusa gurudumu, akamtazama Mzee Mfaume, akatikisa kichwa. Niliona aibu.

Nikaomba ungo, nikakaa chini, nikaanza kupepeta. Mwanamume mzima, mbele ya wakwe. Na sijui kupepeta. Ufuta nikawa naurusha, mchanga unabaki.

Alasiri Mwanaidi akaja na ungo wake, akakaa kando yangu. Akapepeta ungo mzima, mchanga wote ukatoka. Kisha akasema atarudi, maana mume mjinga anayekaa chini kupepeta ana nafuu kuliko mwerevu anayekimbia. Nusura nilie. Sharti lake moja: breki nisiziguse tena maishani. Nikaapa, Mzee Mfaume akisikia.

Pedi mpya kafunga Likwata. Alikuwa anapiga mluzi. Spana nilimshikia mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Mwanaidi yuko nyumbani. Chai hainuki moshi. Kinu amekiona. Nimemwambia ni mchwa. Ameniangalia sana.

Begi lake hajalifungua. Anasema kwanza anatazama.

Habari njema: mama mkwe ametuma salamu. Ijumaa ana harusi ya jamaa zake kule Sudi, na amekubali tumpeleke na gari letu. Atakaa mbele na Mwanaidi. Mimi nitaendesha nikitazama barabara tu.

Breki za mbele zinashika vizuri, hilo nakiri. Lakini tangu asubuhi za nyuma zimeanza kulia. Kiapo nakiheshimu. Ila siku ile mazungumzo yote yalikuwa ya breki za mbele, hata Mzee Mfaume ni shahidi. Na mkwe hapakiwi kwenye gari linalolia.

Nimetafakari sana nilipokosea. Ufuta ni mwepesi. Nyuma kunataka mafuta ya nazi.

Mwanaidi amekwenda kuchota maji. Chupa naiona pale jikoni.