Masharti Matatu kwa Mtakatifu Teresia

Jumatatu, 6 Februari 2006
Naliaka ameitwa kazi ya uuguzi Kitale, kwenye zahanati ya masista. Anatakiwa kujibu kabla ya tarehe 15. Leo baada ya sala za jumuiya hapa Kabiria alinivuta kando akaniuliza kama nina neno. Ninalo! Ninalo tangu mwaka jana: nataka kumwoa. Lakini jambo zito kama hili haliamuliwi na mdomo wa mtu. Nikamwambia avumilie kidogo. Nimeanza novena, sala ya siku tisa, kwa Mtakatifu Teresia, ambaye hujibu kwa waridi. Nimempa masharti matatu: liwe jeupe, niletewe na mtu asiyejua habari zangu, na nisiliombe. Siku ya tisa ni Jumanne ijayo. Kila kitu kimepangwa.

Jumatano, 8 Februari
Hakuna waridi. Baada ya kazi nilikwenda City Market, nikapita polepole mbele ya wauza maua, mara nne, mikono wazi. Si kuomba. Ni kumrahisishia Mtakatifu kazi. Mara ya tano mama mmoja akaniuliza kama mimi ni kanjo, askari wa jiji. Nikakana. Akasema basi ninunue ama nimwondokee, namfukuzia wateja.

Ijumaa, 10 Februari
Nilimweleza Father Thuo yote. Akauliza kama nampenda. Ndiyo. Yeye je, ananipenda? Nikasema ameniuliza mara tatu sasa kama nina neno. Father akafumba macho kwa muda. Akasema Mungu alishanipa ulimi, na huo ni muujiza wa kutosha. Nisali Salamu Maria moja, kisha niende moja kwa moja nyumbani kwao Satellite. Father ni mtu mwema, ila ana haraka. Nilisali tatu. Satellite sikwenda.

Jumapili, 12 Februari
Jaribu kubwa! Baada ya Misa Naliaka alikuwa akipanga maua ya altare. Akachomoa waridi moja, akanipa, akasema nikae nalo. Jekundu! Tena kutoka kwa mhusika mwenyewe. Masharti mawili yamevunjwa kwa mpigo. Nikamrudishia kwa adabu. Oloo, yule wa besi kwenye kwaya, akacheka mpaka akashika benchi. "Wee Kibe! Msichana anakupa ua, unarudisha kama chenji?" Akalichukua yeye, akalichomeka kwenye koti. Naliaka hakucheka.

Jumanne, 14 Februari
Sikukumbuka leo ni sikukuu ya nani mpaka nilipofika mjini. Mawaridi kila mahali! Kenyatta Avenue yote nyekundu. Mlangoni mwa duka la manukato msichana alikuwa akiwagawia wapita njia. Akanitia moja mkononi. Jeupe! Sikuliomba! Hanijui! Lakini alimpa pia aliyenifuata. Je, ishara inaweza kuwa ya umma? Nikasimama kuhesabu mpaka ndoo yake ya maua ikaisha: mekundu mia na kumi, meupe manne. Inatosha!

Nikafika Satellite saa kumi na mbili na nusu. Nikamweleza Naliaka kwamba Mtakatifu ameturuhusu tuoane. Alisikiliza yote, pamoja na hesabu. Akasema amemsikia Mtakatifu. Na mimi je, nasemaje? Nilikuwa nafungua mdomo alipoongeza kwamba alichoka kungoja, amewakubalia masista leo saa kumi. Saa kumi! Ndoo ilikuwa nusu. Mdomo nikaufunga. Akasema simu bado ipo, anaweza kuwapigia hata sasa. "Kibe, sema tu."

Nikamwambia hali imebadilika, nahitaji muda.

Jumatano, 15 Februari
Nimelipima jambo hili upya. Waridi linasema ndiyo, masista wanasema hapana. Ishara mbili zinazopingana! Mtu mwingine angekata tamaa. Basi la Naliaka linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Oloo ameomba ruhusa kazini amsindikize mpaka Kitale, bila hata kusali. Mimi nimeanza novena mpya, safari hii kwa Mtakatifu Antoni, bila kuruka siku hata moja. Itaisha Alhamisi, tarehe 23. Nikijibiwa vizuri, Naliaka atakuwa wa kwanza kujua.