Bomba la Taulo Katika Nyumba ya Magurudumu

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa! Nikimsikia mume wangu anapiga mswaki, moyo bado unaniruka. Nyumba yetu ni basi dogo kuukuu alilolitengeneza mwenyewe: kitanda, jiko, bafu la kutosha mtu mmoja na nusu. Tunabanana. Raha tupu!

Habari mbaya: mama mkwe anakuja Jumamosi. Kasema mwanawe hawezi kulala garini kama tairi la akiba. Asiporidhika, tunahamia chumba chake cha uani, ukuta mmoja na kitanda chake. Ukuta mmoja! Na sisi wiki ya tatu!

Mpango: bafu liwe la kifalme. Nimenunua bomba la kuanikia taulo, linang'aa hilo! Nitalifunga mwenyewe. Mume asijue.

Jumanne, 5 Machi

Wifi amepita. Dada wa mume wangu, fundi seremala, mdomo kama msumeno. Akagonga ukuta wa bafu kwa kidole, akacheka. Eti plaiwudi hii ni biskuti, skrubu haina cha kung'ata. Eti niweke ubao upande wa pili, nipitishe bolti, nikaze nati, uzito ugawanyike. Eti atanifungia yeye. Nikamwambia ahsante wifi, chai inapoa. Anifungie, halafu mama mkwe aambiwe ni kazi ya nani? Thubutu!

Nimefunga kwa skrubu nne ndefu. Zimeingia kwa ulaini wa ajabu. Kipaji!

Jumatano, 6 Machi

Skrubu zimetokea upande wa pili. Kwenye kabati la nguo. Mume wangu kavuta koti lake la harusi, koti likagoma. Kavuta tena, likaja bila mgongo. Nikasema ni panya. Akauliza, panya wa chuma? Kisha akasema basi, sasa atapata upepo. Nani kama yeye? Nikalia kwa mapenzi.

Nimechomoa skrubu.

Alhamisi, 7 Machi

Gundi! Muuza vifaa kaapa haiachii hata kwa shoka. Nimepaka nusu kopo, safari hii kwenye ukuta wa upande wa kitanda. Nimenyoosha bomba kwa pima maji ya wifi, ambayo anadhani ameipoteza. Kiputo katikati kabisa. Taulo mbili, yake na yangu, zimekumbatiana.

Ijumaa, 8 Machi

Mume kahamisha nyumba. Kumbe tulikuwa tumeegesha mteremkoni! Hapa palipo sawa, bomba limelala upande kama mlevi. Nimemwambia ndio mtindo. Kainamisha kichwa, akasema ni kweli, ukilitazama hivi.

Jumamosi, 9 Machi

Tumemfuata mama mkwe kwake, nyumba nzima na magurudumu yake. Njiani akaomba bafu. Nikamfungulia mlango kwa madaha. Mume akakata kona. Mama mkwe akashika bomba kwa mikono miwili.

Gundi haikuachia! Kilichoachia ni ukuta. Mlio mmoja tu, na mama mkwe akatokea chumbani, ukuta mkononi kama sinia, akatua kitandani kwetu.

Akajipapasa, mzima. Akatutazama kwa zamu. "Mwanangu," akasema, "huyu mkeo chumba changu cha uani haingii. Nyumba yangu naitaka bado." Kisha akaomba chai.

Tumebaki! Nimembusu mume wangu mbele ya mama yake.

Jumapili, 10 Machi

Wifi ametia ukuta mpya, ubao nyuma, bolti na nati. Kaning'inia kwenye bomba mzima mzima, halikutikisika. Anasubiri sifa. Sifa ya nini? Ubao wake umeokoa taulo. Gundi yangu imeokoa ndoa! Hata mume wangu amekiri kwamba bila mimi haya yote yasingetokea. Kipenzi changu.

Kopo bado lina nusu. Na ile picha yetu ya harusi, kubwa, ya kioo, ingependeza mno ukutani juu ya mito yetu. Pima maji ninayo. Mume asijue.