Kumfuta Kulthum Pichani

Jumatatu, 4 Agosti

Nshaamua. Ntaoa tena!

Bi Mwanapili wa nyumba ya pili kanikuta ngazini na mkate wangu mmoja wa boflo, akaniuliza nakula na nani. Nikamwambia na redio. Hakucheka. Akasema Mwanakwerekwe yuko mjane, Nadhira, muuza vitambaa, mtu wa heshima na ulimi mtamu. Ila anataka kuona picha ya mtu kabla ya mtu mwenyewe.

Picha ninayo. Ile ya harusi ya mpwa wangu, hotelini Kiwengwa. Kanzu imenyooka, kofia imekaa, macho yana nuru. Kasoro moja tu: Kulthum kasimama ubavuni, mkono kauweka begani mwangu. Talaka niliandika mie, lakini aliyeidai ni yeye. Alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na mtu aliyeko chumba cha pili. Sasa yuko Mtoni kwa dada yake.

Dawa ipo. Kompyuta ya kazini ina programu ya kusafishia picha. Mtu hufutika kama doa.

Hisham, mpiga picha mwenye studio chini yangu, kasikia. Kaniambia nishuke anipige mpya, bure. Bure! Anataka kunitundika dirishani watu wanicheke. Nikamjibu sina haja.

Jumanne, 5 Agosti

Bosi alidhani nashughulikia karatasi za mizigo bandarini. Namfuta Kulthum.

Kazi nyepesi. Unachukua kipande cha picha kilicho jirani, unakibandika juu ya mtu. Kufika adhuhuri hayupo. Mahali pake umeota mnazi, na pembeni yake pacha wake.

Lakini vidole! Vimebaki begani, na hina yake. Nikivifuta, bega linabonyea. Nikiliinua bega, shingo inapinda. Mwisho nimevipaka rangi ya kanzu. Kwa mbali ni mkunjo wa pasi mbaya. Nani atatazama kwa karibu?

Jumatano, 6 Agosti

Brashi ikishakuwa mkononi, mtu haachi. Nimetoa chunjua ya shavuni. Halafu mifuko ya macho. Halafu kidevu cha pili. Mvi zote. Pua nayo nikaipunguza, maana ilibaki peke yake uso mzima.

Bi Mwanapili kaitazama mpaka chai yake ikapoa. Akauliza huyu nani. Nikamwambia ni mie. Akasema, "Subhanallah," akaituma kwa Nadhira.

Jioni jibu! Nifike dukani kwake Ijumaa, baada ya sala. Nikasimama katikati ya chumba nitafute wa kumwambia. Nikaifungua redio. Walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Nikawaacha wamalize, kisha nikawaambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Hila mpya: uso nao ulingane na picha. Nimepaka piko, ile rangi nyeusi, nywele zote, na kwa bahati mbaya paji la uso. Nimesugua kwa ndimu. Hisham kanipita ngazini, akauliza nani kanipiga. Hasidi!

Kazini nilitaka kuitazama picha ya asili, nione tu bega lilivyokaa. Haipo. Nimehifadhi mpya juu yake. Nimetafuta kila pahali. Nyingine ya Kulthum sina, zote alichukua alipoondoka.

Si kitu. Nilikuwa natazama bega tu.

Sikula. Sikuwa na njaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda. Nadhira yuko mlangoni mwa duka, simu mkononi, picha yangu imo. Ananitazama, kisha anatazama nyuma yangu, anamtafuta mtu.

"Shikamoo, mzee wangu," akasema. "Nikukatie kitambaa gani?"

"Marahaba," nikasema. Ulimi ukanitangulia! Akanionesha picha, akauliza kama nimemuona mtu huyu njiani. Nikasema ni ndugu yangu mdogo, kapata udhuru, kanituma nimuombee radhi.

Angenifukuza ingekuwa nafuu. Kanipa kigoda, kahawa na kashata. Tukazungumza mpaka adhana ya alasiri. Nikamhadithia nilivyoipa redio habari zangu katikati ya vifo. Kacheka mpaka kajifuta macho kwa mtandio. Mara ya mwisho mtu kucheka mbele yangu kwa nililolisema mie, siikumbuki.

Kisha kanambia kweli. Picha ile ilimtisha. Uso kama yai lililomenywa.

"Nilichokipenda ni huu mkono begani," akasema. "Nikasema, huyu yupo aliyempenda. Wa nani?"

"Wangu," nikasema.

Akaitazama picha. Akaitazama mikono yangu. Akanimiminia kahawa nyingine.

"Na wewe, kaka mtu, huna mke?"

Nikasema sina.

"Basi njoo tena Ijumaa. Ndugu yako si lazima."

Nimerudi kwa miguu nusu ya njia. Nilisahau kama kuna magari.

Jumamosi, 9 Agosti

Bi Mwanapili kasema hata mtoto angeshaelewa: Nadhira kanijua, kanipa mlango, kazi yangu ni kuingia. Nende leo leo nikaseme kweli.

Wanawake hawana mipango! Nikisema kweli, si atajua mie muongo? La. Ndugu yangu lazima asafiri. Nimempeleka Maskati, kapata kazi. Na safari hutaka ushahidi: picha ya kuagana, mie na yeye.

Nimeshuka kwa Hisham. Nimekubali ile bure yake. Nikakaa ncha ya benchi. Akauliza nafasi hiyo ya nani. Nikasema ya ndugu yangu. Hisham kanijua tangu chuo cha Kurani, anajua mama alizaa mmoja. Akapiga.

Nimekwenda kazini, nshamuweka ndugu, yule wa picha ya Kiwengwa. Tumekaa bega kwa bega, tumependeza, mtu angesema tumelala nyumba moja miaka yote. Nimetazama sana. Ila yeye anacheka na mie sicheki, na Nadhira atauliza kwa nini.

Nshaanza kuutengeneza mdomo wangu.