Watu Ishirini Kabla ya Ijumaa Jioni

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeitwa ofisini. Mkuu wa kituo anasema muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Kwa miezi mitatu nimeleta wachangia damu sita, na mmoja wao alikuwa amepotea njia akitafuta pa kusajili laini ya simu. Nikileta ishirini wapya kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni, kazi ni yangu. Nisipoleta, meza yangu anapewa mwenzangu Mcheshi, ambaye kwa sasa anaandikia kwenye kizingiti cha dirisha.

Mcheshi! Hana shahada. Ana meno tu. Mimi nina shahada ya saikolojia na tasnifu ya kurasa mia moja na nne kuhusu kinachomsukuma binadamu kutenda. Ishirini ni wachache mno.

Mbinu ya kwanza: watu hufuata watu. Saa nne nikapanga foleni ya bandia mlangoni: mama, shangazi, kaka na rafiki zake wawili. Niliahidi hakuna atakayechomwa. Shangazi aliniapisha mara mbili. Nusu saa baadaye foleni imefika duka la viatu! Kumbe huko nyuma uvumi umeenea kwamba kunagawiwa vyandarua. Wa mbele walipoiona sindano, foleni ikayeyuka. Mtu mmoja aliniuliza kama huko shuleni walinifundisha na haya pia.

Akabaki shangazi, akigombana na mama mmoja aliyetaka kumpita. Shangazi alisema amesimama hapo tangu asubuhi na hatatanguliwa na mtu. Yule akamwambia basi aingie, wamwone. Akaingia! Alitoka na pamba mkononi, amenuna, hasemi nami.

Mmoja. Na somo kubwa: mtu hatoi kwa upendo, hutoa kwa hasira.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Hasira, basi. Nimetundika bango mlangoni: MAFUNDI SEREMALA 2, WASUSI 0. Mafundi wawili wa karakana ya jirani walikuja kweli asubuhi kutoa damu. Wasusi ni wale wa saluni ng'ambo ya barabara. Nikakaa kungoja wachemke.

Walichemka. Saa sita akaingia Dada Mkubwa, mwenye saluni, chanuo bado limechomekwa kichwani, wasichana wake sita nyuma yake. Nikafungua daftari la majina kwa furaha. Akauliza nani kawaita wasusi sufuri. Akauliza mimi mwenyewe nimetoa mifuko mingapi. Nikamjibu kwamba mtafiti haingii ndani ya utafiti wake. Akasema sawa, mtafiti, kila kichwa kitakachosukwa kwake leo kitarudi nyumbani na habari zangu.

Kufikia saa tisa mtaa mzima unaniita Sufuri. Watatu. Sikati tamaa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kinachoadimika hutamaniwa. Bango jipya: LEO NAFASI TANO TU!

Hakuja mtu. Saa nane dereva mmoja wa lori alisimama, akasoma, akakunja mkono wa shati. Akasoma tena, akaukunjua. Akasema kama zimebaki tano tu, si vizuri azichukue yeye, awaachie wenye shida zaidi. Nikamweleza kwamba nafasi ziko tele. Akauliza mbona nimeandika tano. Nikamfafanulia nadharia, kwa mifano. Aliondoka kinyumenyume, bila kunipa mgongo.

Bado watatu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimejificha nyuma ya kabati la mafaili kumchunguza Mcheshi. Saa tatu na dakika kumi: anamuuliza muuza mayai hali ya goti lake. Wanacheka. Anamwambia, "Mama, wodini kuna binti anahitaji damu, una nusu saa?" Mama anayo. Wanaingia.

Basi! Hiyo tu! Haiwezekani. Lazima kuna ufunguo. Nimeyapitia maelezo yangu mara tatu na jibu ni moja: goti.

Mchana nikamuuliza kila mpita njia kuhusu goti lake. Wa kwanza aliuliza nani kaniambia. Wa pili alitaka dawa ya kuchua. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alipandisha suruali na kunisimulia goti hilo kuanzia mwanzo, dakika arobaini nzima. Kisha akatoa damu, akisema hajasikilizwa hivyo tangu aache kazi. Wanne.

Nimeandika: goti linafanya kazi, ila polepole mno.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Wanahitajika kumi na sita. Mcheshi aliniuliza kwa upole kama nimewahi kumwomba mtu hivi hivi tu. Nikamwambia hiyo si mbinu.

Saa saba nikavuka barabara. Nadharia ya mwisho: mtu akipewa, hujiona lazima arudishe. Nikamtangazia Dada Mkubwa kwamba nitatoa damu mbele ya macho yake. Walikuja wote kutazama: yeye, wasichana sita, na wateja watano, mmoja kasukwa nusu kichwa. Nesi akanifunga mkono. Nikawaeleza kwamba hofu ni tafsiri tu ya mapigo ya moyo. Nesi akachana kifuko cha sindano.

Baada ya hapo sikumbuki.

Nilizinduka miguu juu ya mto, Dada Mkubwa ananipepea kwa daftari langu. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba kamtoto haka kana mdomo, lakini kuja na woga wote huu, kana moyo. Akavua saa, akalala kitanda cha pili. "Haya nesi, nichome mimi, huyu mwache." Wenzake wakafuata mmoja mmoja, wote.

Kumi na sita! Saa kumi na nusu! Mcheshi akaja na kalamu, akawahamishia wachangiaji wake wanne wa leo kwenye safu yangu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka nile, nimesawajika. Hila ya hali ya juu kabisa. Bado sijaielewa.

Mkuu amesaini. Nimebaki!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Asubuhi yote nimechambua matokeo. Foleni: mmoja. Mafundi waliojileta: wawili. Bango la hasira: sufuri. Nafasi tano: sufuri. Goti: mmoja. Kuzimia: kumi na wawili!

Nilitafuta kila mahali, kumbe ufunguo ulikuwa sakafuni.

Nimefanya mazoezi ya kuanguka mara tisa kando ya kitanda. Bega la kushoto linauma, lakini anguko la tisa lilikuwa zuri sana. Mama aligonga mlango akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia niko kazini.

Ratiba tayari. Jumatatu saa tatu nazimia stendi ya mabasi. Jumatano sokoni, upande wa mboga. Ijumaa benki, ambako kuna zulia.